Unga Uliojipanga Upya

Duke alirudishiwa mkanda wake, saa yake na kamba za viatu. Akaketi kwenye benchi la kituo cha polisi cha Homa Bay, akazipitisha kamba tundu baada ya tundu bila haraka, kama mtu aliye sebuleni kwake. Alipomaliza akauliza gunia lake la unga liko wapi.

"Gunia linabaki," Inspekta Motari alimwambia.

"Kwa nini, mkubwa? Mtaalamu wenu mwenyewe amesema ni yangu. Mimi niliwaambia siku ya kwanza, hiyo ni vitamini ya kuku, nimenunua Nairobi."

Motari alimwelekeza mlangoni, na hilo ndilo lililomchoma. Askari yeyote amewahi kumwachilia mwizi. Ni sehemu ya kazi, unameza mate unaendelea. Lakini huyu aliachiliwa kwa mkono wa Daktari Ombui, na Ombui hakuwa mtaalamu tu. Walilala bweni moja shuleni Kisii, wakagawana sabuni na uji. Siku Motari alipooa, Ombui ndiye aliyesimama kando yake kanisani. Mtoto wa pili wa Motari anaitwa Ombui. Mwendesha mashtaka alipotaka unga upelekwe popote penye mashine ya kuupima, Motari ndiye aliyeng'ang'ania uende kwa Ombui, kwa sababu alitaka mtu asiyenunulika. Haya, akampata.

Kesi yenyewe ilikuwa ya kusikitisha kuliko ya kutatanisha. Mvua za El Nino zilipoharibu mashamba, watu wa kijiji cha Kisegi walikula ugali wa muhogo mtupu kwa miezi, na watoto wakaanza kuvimba miguu. Wafadhili wakaleta makopo ya vitamini B1, unga mweupe wa kuchanganya kwenye uji. Makopo yalitoka ghala la wafadhili Homa Bay kwa lori la kukodi, lori la Duke, yakapokewa kwenye zahanati ya Kisegi na muuguzi aitwaye Filister Awuor. Filister alikoroga uji kila asubuhi kama alivyoelekezwa. Watoto hawakupona. Mmoja wao, mjukuu wa jirani yake, akafa. Makopo yalipofunguliwa na wakubwa yakakutwa yamejaa wanga wa muhogo, na kwa kuwa ufunguo wa kabati la makopo ulikuwa shingoni mwa Filister, Filister ndiye aliyetiwa rumande. Kesi yake ingesikizwa Jumatatu.

Kisha kizuizi cha Isebania kikalisimamisha lori la Duke likielekea mpakani na shehena ya mbuta. Konstebo Masese, ambaye haogopi harufu, alifukua samaki na barafu mpaka chini kabisa akatoa gunia la unga mweupe. Motari alipopigiwa simu alicheka kwa furaha. Kilichobaki kilikuwa kuthibitisha kwamba unga wa gunia ndio unga wa makopo. Akachukua kopo moja ambalo halikuwa limetoka ghalani, lakiri yake nzima, akapeleka kijiko cha huu na kijiko cha ule kwa Ombui kule maabara ya chuo kikuu, Nairobi.

Ripoti ilikuwa fupi. Vielelezo vyote viwili ni vitamini B1. Lakini vikipigwa eksirei havitoi mistari ileile. Muundo wa fuwele za unga wa kopo na muundo wa fuwele za unga wa gunia ni miundo miwili tofauti. Mwendesha mashtaka alisoma hapo akasema basi ni viwanda viwili, Duke aende nyumbani. Naye Duke akaenda, viatu vimefungwa vizuri.

Motari aliona aibu Filister apate habari hizo kwa midomo ya askari wengine, kwa hiyo akaenda rumande kumwambia mwenyewe. Filister alikuwa mwanamke wa umri wa mama yake mdogo, amejifunga kitambaa cha zahanati kichwani mpaka leo. Alimsikiliza mpaka mwisho bila kulia. Akauliza kama huyo daktari wa eksirei amewahi kufika Kisegi. Motari akasema hapana.

"Lakini anajua kuna mtu huku ndani?"

"Anajua. Niliandika kwenye barua."

"Mos, afande," alisema Filister, kama kwamba mwenye kuhitaji pole alikuwa Motari. Akarudi kukaa sakafuni.

Motari alitoka pale ameudhika na kila mtu, na mtu aliyeudhika hutafuta wa kumlaumu. Alianza na askari wake. Huenda bahasha zilibadilishwa njiani. Alimwita aliyefunga vielelezo, akamhoji. Akamwita aliyesafiri navyo, akamhoji zaidi, mpaka yule kijana akaanza kujitetea kwa mambo ambayo hakuulizwa. Lakiri zilifika nzima. Sahihi ya kupokea ilikuwa ya Ombui mwenyewe. Hakuna aliyebadilisha chochote, na Motari alipoteza siku nzima kulifahamu hilo.

Ndipo alipofanya jambo alilopaswa kulifanya mwanzo. Alifungua chumba cha vielelezo mbele ya sajini wa zamu, akaweka kopo na gunia juu ya meza moja, akautazama unga kwa macho yake mwenyewe badala ya kuusoma kwenye karatasi.

Wa kopo ulipita kati ya vidole kama chumvi kavu. Wa gunia ulikuwa mabonge, mengine magumu ya kuvunjwa kwa kitako cha bunduki. Hapo hata mtoto angesema ni vitu viwili. Lakini Motari aliinama akanusa. B1 ina harufu yake, harufu ya chachu. Motari ni Msabato, hajawahi kuonja pombe ya busaa, ila amevamia vilabu vya kutosha kuijua harufu hiyo popote. Kopo lilinuka chachu. Gunia lilinuka chachu, na nyuma ya chachu likanuka samaki.

Alimpigia Masese Isebania, akamuuliza gunia lilikuwa katika hali gani lilipotolewa.

"Afande, ilikuwa imelowa. Barafu ilikuwa inayeyuka, maji inatoka kwa gunia mpaka kwa buti yangu."

"Mbona mimi niliupokea mkavu?"

"Si wewe ulisema niianike kwanza juani, isioze kabla haijaenda Nairobi?"

Kweli, alisema. Motari alikaa na simu mkononi baada ya Masese kukata. Wafanyabiashara wa samaki wa ziwa hili wote huficha chini ya barafu, sukari ya magendo, betri, chochote, kwa kuwa wanawajua polisi: nani atachafua sare kufukua mbuta? Ni ujanja wa zamani na hufanya kazi. Lakini hakuna mtu timamu anayeweka unga chini ya barafu, labda awe mtu ambaye maisha yake yote amebeba samaki tu. Unga ukalowa. Na je, unga ukilowa, halafu ukaanikwa, mistari ya eksirei hubaki ileile?

Lilikuwa swali dogo la kumuuliza rafiki. Akapiga simu maabara. Ombui hakuwepo, yuko likizo nyumbani kwake Migori. Aliyepokea alijitambulisha kama Daktari Mokeira, anafanya kazi chini ya Ombui. Motari akamuuliza yeye.

Mokeira akashusha sauti.

"Hilo swali umemuuliza Daktari Ombui?"

"Bado. Nitamuuliza leo."

"Usimuulize kwanza, Inspekta. Tafadhali. Nakuja."

Mokeira alifika Homa Bay na basi la asubuhi, mwanamke mwembamba aliyebeba mkoba wa picha kifuani, asiyekubali mtu aushike. Alikuwa mtoto wa Nyamira, amefundishwa na Ombui tangu mwaka wa kwanza, na ilionekana hakulala. Aliomba wafunge mlango.

Alianza na mambo ambayo Motari angeweza kuyashika. Unga wa vitamini, alisema, ni fuwele ndogondogo, na ndani ya kila fuwele chembe za vitamini zimekaa kwa mpango. Fikiria waumini kanisani. Wakikaa kwenye mabenchi kwa safu, ukipiga picha kutoka juu utaona safu. Watu walewale wakitoka wakakaa duara chini ya mti, utaona duara. Eksirei haikuambii ni nani waliokaa. Inakuambia wamekaaje.

"Na B1 huhama kutoka safu kwenda duara?"

"Ikilowa, ndiyo. Maji yanazipa chembe nafasi ya kujipanga upya. Zikishajipanga hivyo hazirudi, hata uanike juani mwezi mzima. Unga unaganda mabonge, mistari inabadilika. Ni vitamini ileile."

Motari alimuuliza jambo hili linajulikana na wangapi. Mokeira alifungua mkoba akatoa karatasi iliyochorwa kwa kompyuta, pete za pembe sita na pembe tano zimeshikana mikono, na matone ya maji kati yake.

Huu ndio mpangilio wa pili, alisema. Kwa kawaida ukitaka kujua chembe zimekaaje unahitaji fuwele moja kubwa, angalau ya kuonekana kwa jicho. B1 iliyolowa, jinsi walivyojaribu, haikuwapa fuwele kubwa, iliwapa unga tu. Basi walilazimika kuanza na mistari ya unga. Kompyuta ikaziweka chembe hivi, ikakadiria mistari ingekuwaje, ikalinganisha, ikakataa, ikaziweka vingine. Mwaka mzima ikikataa. Halafu siku moja mistari ya kukadiria ikalala juu ya mistari ya kweli, na maabara nzima ikanunuliwa soda.

"Nani alinunua?"

"Daktari Ombui. Hii ni kazi yake na yangu, Inspekta. Mchoro huu ameutundika ukutani nyuma ya kiti chake. Alipoandika ripoti yako alikuwa ameupa mgongo."

Motari alitaka kumtetea. Alisema watu husahau, mtu akiwa na kazi nyingi. Mokeira akatikisa kichwa, akatoa picha mbili za mistari, ya kopo na ya gunia, zilezile ambazo Ombui alizipiga. Akaweka kucha kwenye mistari midogo miwili pembeni. Hii si ya vitamini, alisema. Kiwanda cha wafadhili huchanganya chokaa kidogo ya fosfeti ili unga usigande safarini baharini, na chokaa hiyo haijali maji. Mistari yake ipo kwenye kopo, na ipo kwenye gunia, palepale. Mokeira alikuwa ameilinganisha na vitamini za kuku zinazouzwa Nairobi, hazina. Ombui hawezi kuwa hakuiona, maana kwenye nakala yake ameizungushia kalamu. Kwenye ripoti haimo.

Motari aliitazama duara ya kalamu. Aliujua mkono ule, ulimwandikia hotuba ya harusi. Akainuka akaenda dirishani akakaa huko kitambo, na Mokeira, kwa heshima, akajifanya anapanga karatasi.

Walifanya jaribio hata hivyo, kwa sababu polisi haendi kortini na hadithi. Mbele ya sajini na karani wa mahakama Motari alivunja lakiri ya kopo jingine kutoka ghalani, akatandaza unga kwenye sahani, akaurushia maji ya barafu aliyoyatoa kwa wauza samaki, akafunika. Ulipoganda akauanika juani uani mpaka ukakauka. Mokeira akaubeba Nairobi akaupiga eksirei. Ijumaa akapiga simu kutoka huko, sauti imechoka. Unga wa kopo ulikuwa umegeuka. Mistari yake na mistari ya gunia huwezi kuitenga.

Mwendesha mashtaka alisikiliza yote hayo akakuna kidevu. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mwoga wa kushindwa. Tukimshtaki Duke, alisema, watetezi wake watamwita Daktari mwenye nywele za mvi, na sisi tutamwita msichana aliyefundishwa naye. Hakimu atamwamini nani? Na tukimbana sana atasema alisahau, na mtaalamu kusahau si kosa la jinai. Soma ripoti tena, Inspekta. Hakuna neno la uongo humo. Ni kweli muundo ni tofauti. Ni kweli mistari ni tofauti. Utamshtaki mtu kwa kusema kweli?

"Ukitaka nimtoe Filister," alimaliza, "niletee Ombui mwenyewe. Akiri kwamba unga hugeuka, au akane kwa mkono wake ilhali tunao ushahidi kwamba anajua. Lolote kati ya hayo, Jumatatu ninaiondoa kesi ya mama yule asubuhi na mapema, na Duke analala ndani."

Motari aliomba moyoni iwe la kwanza.

Jumapili walikwenda Migori kwa Landrova ya kituo. Motari alimwomba Mokeira abaki garini, karibu na lango, chini ya mikaratusi. Yeye akaingia kwa miguu, bila sare, bila pingu, kama alivyozoea kuingia.

Nyumba ilikuwa mpya, mabati yanang'aa mpaka yanaumiza macho. Ombui alimkumbatia mlangoni, akamwita ndugu yangu, akamtania kuhusu kitambi. Amezeeka vizuri, Motari aliona. Mvi zilimpa heshima. Nyanchama, mke wake, akataka kujua mara moja mtoto wa Motari, Ombui mdogo, anaendeleaje na amefikia darasa gani. Akaandaa chakula, na katikati ya meza akaweka mbuta mkubwa wa kukaanga, nyama nyeupe, kama aliyetoka ziwani leo, samaki ambaye mtu wa Migori, mbali na ziwa, haonani naye hivi hivi.

Motari alimsifu mpishi. Akauliza, kwa kuwa mgeni huuliza, samaki mzuri namna hii wanampata wapi.

"Duke hutuachia kila lori likipita, shemeji," Nyanchama alisema akimwongezea ugali. "Si lori lenyewe ni lake na la huyu bwana? Ama hajakuambia? Huyu mtu huwa haongei."

Ombui alisema ni jambo dogo, walinunua lori kwa ushirikiano mwaka jana, tena yeye hajui hata linabeba nini. Akabadilisha mazungumzo, akaingia siasa. Motari aliendelea kula. Samaki alikuwa mtamu, naye alikula mpaka akamaliza, maana mwanamke yule hakumkosea kitu.

Baada ya chakula walitoka wawili barazani. Motari hakuzunguka. Alisema amekuja kwa shida. Alimweleza habari za Filister, kitambaa chake kichwani, mjukuu wa jirani aliyekufa, jinsi ambavyo Jumatatu atasimama peke yake. Alisema anamwamini Ombui kuliko mtu yeyote katika nchi hii, na ndiyo maana unga uliletwa kwake. Hakuwa anaigiza.

"Nisaidie, Ombui. Kuna njia yoyote unga wa kopo ungeweza kugeuka ukawa kama ule wa gunia? Njia yoyote tu. Jua, kukaa sana, kitu chochote ambacho labda hukukikumbuka wakati ule. Mtu husahau. Mimi nitaelewa, na nitahakikisha kila mtu ameelewa."

Ombui alitazama viganja vyake. Kulikuwa na muda, Motari angeuapia muda huo mpaka kufa, ambapo uso wake ulilegea na mdomo ukafunguka kama wa mtu anayetaka kutua mzigo. Ndani ya nyumba Nyanchama alikuwa akiimba wimbo wa kanisani huku akiosha vyombo.

"Haiwezekani," Ombui alisema.

"Hakuna kabisa?"

"Fuwele ni fuwele, ndugu yangu. Haziwezi kubadilika eti kwa sababu ya barafu ya samaki. Huyo mama nasikitika, lakini sayansi haina huruma."

Motari alifumba macho kidogo. Kisha akamwomba amwandikie hayo, maneno mawili matatu, hakimu apendavyo. Ombui akatoa kalamu yake ya wino, ileile ya duara, akaandika kwa mwandiko wake mzuri kwamba unga wa kopo hauwezi kwa njia yoyote kugeuka muundo, iwe kwa joto au kwa barafu. Akatia sahihi, akaipuliza ikauke.

Motari aliikunja karatasi akaitia mfukoni. Akasimama ukingoni mwa baraza, akainua mkono kuelekea langoni. Mlango wa Landrova ukafunguka. Mokeira alikuja taratibu, mkoba kifuani. Ombui alimwona akiwa bado mbali, na akaanza kufunika kalamu yake, ila kifuniko kikawa hakiingii.

"Wewe si uko Nairobi?"

"Nimekuja na picha zetu, Daktari," Mokeira alisema. Macho yake yalikuwa mekundu. "Ulisema fuwele haiwezi kudanganya. Ulituambia hivyo darasani."

"Na karatasi nilizokutumia zilisema gunia lilipatikana ndani ya lori," Motari aliongeza. "Barafu sikuitaja. Sikumwambia mtu wa nje hata mmoja."

Ombui hakubisha. Aliketi akiitazama bustani yake ya ndizi. Motari alimuuliza kitu kimoja tu, ambacho hakikuwa cha mahakama: wakati anaandika ripoti, alijua kwamba kuna mtu ndani? Ombui akasema alijua. Duke alipata kumpigia simu kutoka mahabusu, analia, lori lingetaifishwa, jina la Ombui lingeingia magazetini. Alipopiga picha akaona maji yenyewe yamewaokoa. Hakulazimika kusema uongo. Angenyamaza tu.

"Ungeniuliza kama rafiki, Motari," alisema mwishowe, "ningekuambia."

"Nimekuuliza kama rafiki. Nimekuja bila pingu, nimekula kwako. Ungesema ndiyo, kesho ningesimama kortini niape kwamba ulisahau. Ningeapa kwa Biblia, Ombui, mimi, uongo. Nilikuwa nimeshajitayarisha."

Hapo ndipo Ombui alipomtazama usoni, kwa mara ya kwanza tangu chakula, na Motari akatamani asingemtazama. Alimsomea onyo, kwamba si lazima aseme lolote na kwamba atakalosema litaandikwa. Alilisoma lote, neno kwa neno, kwa sababu angekatiza mahali popote angeshindwa kuendelea.

Nyanchama alitoka jikoni akifuta mikono, ameshika furushi la gazeti linalotiririka maji. Ni kipande kilichobaki, alisema, amekiwekea barafu, Motari akipeleke kwa Ombui mdogo, wajina wa mume wake. Motari alilipokea kwa mikono miwili kama adabu inavyotaka. Kisha akalirudisha juu ya meza ya baraza, polepole.

"Samaki huyu siwezi kumpelekea, shemeji. Nisamehe."

Nyanchama alimtazama yeye, akamtazama msichana mwenye mkoba, akamtazama mume wake, ambaye alikuwa ameinama pale kwenye kiti, amevuta viatu, anahangaika na kamba kwa vidole visivyomtii. Akauliza kuna nini.

"Usizifunge," Motari alimwambia Ombui. "Kituoni zitatolewa."